Aliyetangulia Ndege

Alhamisi, 26 Aprili 1962

Ndege ya Nairobi imepita juu ya paa, nimetia mchele. Siku hizi sina haja ya saa ya ukutani. Bati likianza kutetema, maji yawe yameshachemka. Leo yalikuwa bado. Nimeudhika.

Rukia anakuja. Mdogo wangu, mimba yake ya kwanza, mwezi wa saba unaishia. Mimba ya kwanza huzaliwa kwao, hilo halina mjadala. Na kwao sasa ni hapa Changamwe, maana Mama anakaa nasi tangu baba alipofariki na nyumba ya Kisauni ikauzwa. Salim, mumewe, anataka kumleta kwa ndege. Mama anataka gari la moshi. Mimi nataka aje tu. Miaka mitatu yuko Nairobi na sijamwona hata siku moja.

Mama amesusa chakula cha mchana kwa ajili ya ndege. Wali wenyewe ulikuwa na kiini.

Jumapili, 29 Aprili

Juma, mume wangu, kazi yake ni kutia ndege mafuta pale uwanjani Port Reitz. Kwa hiyo anajiona rubani. Leo ametwaa uzi wangu wa cherehani akaunyoosha kwenye ramani ya kalenda, Nairobi mpaka Mombasa. Halafu ameulaza mwingine juu ya reli, kila penye kona akakunja. Wa pili ulikuwa mrefu zaidi. Amenionyesha nyuzi zote mbili kama mtu aliyevua nguru.

Gari la moshi: jioni mpaka asubuhi. Ndege: saa moja na nusu hivi. Nimesema huo ni muda wa pilau, tangu kukaanga vitunguu mpaka kupakua. Amekubali. Hajui pilau inachukua muda gani.

Mama ameuliza neno moja. "Na moyo nao wafika kwa saa moja na nusu?" Juma amecheka. Nami nimecheka. Mama amesema mtu wa gari la moshi ana usiku mzima wa kuaga alikotoka na kuzoea anakokwenda. Mtu wa ndege hana. Kisha akavuta uradi wake, akatuachia kicheko chetu.

Uzi nimeurudisha kwenye kibweta. Hautupwi uzi mzima.

Jumanne, 1 Mei

Simu ya maandishi kutoka kwa Salim. Rukia Alhamisi, ndege, saa tano. Basi. Mtu mchoyo wa maneno.

Saa tano ni ndege yangu ya wali. Alhamisi wali utangoja.

Jumatano, 2 Mei

Nimepaka chumba chokaa. Mgongo unauma. Furaha imenijaa mpaka nimemsalimia yule mwenye duka ambaye hatusemi naye.

Alhamisi, 3 Mei

Naandika kama ilivyokuwa, nikisoma baadaye nisijicheke.

Saa tano nilikuwa kwenye senyenge pale uwanjani. Ndege ikatua. Wakashuka Wazungu, wakashuka Wahindi wawili watatu, na nyuma yao mwanamke mwenye buibui, mkono kiunoni, akikanyaga kwa kisigino vile Rukia anavyokanyaga tangu utoto. Mapanga ya ndege yalikuwa bado yanazunguka, husikii hata aliye kando yako. Lakini sauti yake niliisikia karibu, kama mtu aliye nyuma ya sikio. "Dada Zuhura."

Nikasema, "Abee!"

Akapita nyuma ya ngazi. Hakutokea upande wa pili.

Nimengoja mpaka wote wameondoka. Nimemuuliza karani, akasema hakukuwa na mwanamke wa buibui. Nimemtafuta Juma. Yeye alikuwa chini ya bawa la ndege ile ile na bomba lake, amewaona wote walioshuka. Hakuna. Akaniambia ni jua. Mimi nimezaliwa kwenye jua hili.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Ulimuitika?"

Nikasema ndiyo.

"Mtu usomuona akikwita, wanyamaa. Nimewafunda hili tangu mu wadogo."

Nikasema nilimwona. Mama akasema, "Ndiyo mabaya zaidi."

Saa kumi Juma akaja mbio na baiskeli. Kumbe jina la Rukia limo kwenye orodha ya ndege ya jioni. Salim miaka mitatu Nairobi amekuwa mtu wa kusoma saa vile mshale ulivyoelekea. Saa tano yake ni ya Kizungu. Kwetu ni saa kumi na moja. Nikamtukana moyoni, nikafurahi, tukaenda.

Rukia ameshuka. Huyu wa kushikika. Amenikumbatia, tumbo limetutenga. Njiani akasema alivaa mapema, akakaa kitandani kungoja teksi, akasinzia. Akaota ameshafika, na mimi nimemuitikia kwa sauti kubwa mbele za watu. Alicheka sana. Juma naye alikuwa akisukuma baiskeli yenye mizigo. Hakucheka.

Ijumaa, 4 Mei

Jirani, Mama Atieno, mumewe kuli wa bandarini. Ameniita uani.

"Mgeni yenu alikuja mapema jana. Nilimwona saa sita anatoa nguo kwa kamba. Nikamsalimia, akanyamaza tu."

Jana saa sita nyumbani alikuwa Mama peke yake, naye alikuwa kwenye msala. Nguo nilizikuta kitandani zimekunjwa. Nilidhani ni Mama. Mama hukunja kanga mara mbili. Hizi zilikunjwa mara tatu na ncha zikatiwa ndani, mkunjo wa Rukia.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 9 Mei

Jiko tulilihamishia uani mwaka jana. Rukia hajaliona lilipo. Usiku ule alipofika alitoka mlango wa nyuma moja kwa moja, gizani, akachukua sukari kwenye kopo la tatu. Sukari nilikuwa nimeihamishia huko juzi yake tu kwa sababu ya sisimizi.

Nimemuuliza amejuaje. Akasema, "Si uliniambia?" Sikumwambia.

Ni Rukia. Nimemwogesha, kovu la goti lipo. Ananiudhi vile vile kama zamani, anakula ukoko wote. Lakini ukimwita anachelewa kuitika. Unamwita, kimya, halafu anaitika. Ni kama jina linapita mahali pengine kwanza.

Jumamosi, 19 Mei

Mvua siku ya tatu. Uwanja umejaa maji, ndege hazitui. Wali wangu naupika kwa kubahatisha.

Rukia alikuwa amelala mbele yangu, mkono juu ya tumbo, mimi nashona nguo za mtoto. Huko jikoni mtu anakuna nazi. Kru, kru, kru. Rukia tangu mdogo ndiye mkunaji wetu, hakuna mwingine nyumbani anayeipenda kazi hiyo. Nimetoka kwenda kuangalia. Mbuzi imekaa mahali pake, meno makavu. Nikarudi. Rukia macho wazi, akasema amechoka mikono.

Nimemwambia Juma. Zamani angenitania wiki nzima. Amesema nifunge dirisha.

Jumatatu, 18 Juni

Amejifungua. Mtoto wa kiume, mzima, nywele tele. Alhamdulillahi.

Niandike na lililobaki. Uchungu ulianza alfajiri mpaka alasiri. Mama mbele, mkunga kulia, mimi nimeshika mguu. Rukia hakufungua kinywa. Meno yameumana, jasho linamtiririka, kinywa kimefungwa. Kilio kilitoka jikoni. Kila uchungu ulipokuja, kilio jikoni. Mkunga alidhani ni jirani, akanung'unika watu hawana adabu. Mama alikuwa akisoma dua, na kila kilio kilipopanda naye akapandisha sauti.

Mtoto alipotoka na kulia, kule kukanyamaza.

Naogopa. Namwogopa ndugu yangu wa tumbo moja, na aibu ya kuogopa inanishinda kuliko hofu yenyewe. Mtoto amepewa jina la baba yetu, Athmani.

Jumanne, 10 Julai

Uwanjani watu wanabishana habari za Mwambao, nani atamtawala nani uhuru ukija. Juma anarudi na sauti imekauka. Leo aliitwa uani, akaitika "Naam," akatoka. Hakuna mtu. Alirudi akaiacha chai ikapoa.

Rukia ananyonyesha vizuri. Anamtazama mtoto sana. Anasema kidogo kila siku kuliko jana.

Jumamosi, 28 Julai

Arobaini imetimia. Tumempaka hina, tumemfukiza udi, mtoto ametolewa nje ameoneshwa jua. Wageni wamekula wakasifu. Mmoja ameniuliza yule mwanamke aliyekaa jikoni peke yake ni nani, mbona hapewi chakula. Nimesema ni mtu wetu. Sijui kwa nini nimejibu hivyo. Halafu nikapeleka sahani kule, nikaiweka, nikaondoka bila kutazama.

Salim amekuja na tiketi za ndege. Mama amemsihi arudi kwa reli. Salim amejibu kwamba mzazi na mtoto mchanga hawakeshi kwenye behewa, na ndege ipo. Ana haki. Hata mimi ningesema hivyo.

Jumanne, 31 Julai

Wameondoka. Rukia alipanda ngazi, mtoto kifuani, hakugeuka. Nilimpungia mkono mpaka mlango ukafungwa.

Nimerudi. Mama yuko kizingitini, hakuingia ndani.

"Hakwenda," akasema.

Jikoni, nazi inakunwa.

Tumekaa barazani mimi na Mama mpaka jua likapinda. Mama amenieleza anavyoona. Rukia miaka mitatu alikuwa na hamu ya kwao. Siku ile hamu ilimshinda, ikaja mbele, haikungoja saa ya Kizungu. Nami nikaipokea. Mwili ulifika jioni ukakuta mwenzake ameshaingia na kukaa. Sasa mwili umerudi kwa ndege. Huyu wa jikoni alikuja kwa hamu, na hamu ya Nairobi hana, kwa hiyo hana cha kumrudisha.

Nimelia. Kwa nini Rukia, hana ubaya na mtu.

Alhamisi, 2 Agosti

Simsikii akitembea. Namsikia akifanya kazi. Kukuna, kuchota maji, kutikisa kanga kabla ya kuanika. Mchana tu, kuanzia ndege ikishapita. Nikiingia anaacha.

Leo nimekaa jikoni na kusema naye mambo ya kawaida. Bei ya samaki. Mama Atieno na kuku wake. Nimesikia mtu akicheka kidogo, puani, vile anavyocheka yeye. Nikatoka mbio nikajigonga mlangoni. Paji limevimba.

Jumatano, 8 Agosti

Salim ameandika, na mara hii si mchoyo wa maneno. Rukia haitiki. Anakaa alipokalishwa. Anakula akilishwa. Mtoto akilia hageuki, na maziwa yamekatika, mtoto anapewa ya ng'ombe na anayatapika. Daktari amesema ni ugonjwa wa waliojifungua, apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, na mtoto atwaliwe na dada yake Salim. Amempa mpaka wiki ijayo.

Mtoto ananyonyeshwa na nani sasa? Hana hata miezi miwili.

Mama amekunja barua akanitazama. Nimejua anachotaka kabla hajasema.

Ijumaa, 10 Agosti

Nitampeleka mimi. Si kwa ndege. Ndege imeshamwacha nyuma mara moja. Kwa gari la moshi, polepole, kila stesheni aione, apate usiku mzima wa kuzoea.

Mama amenifunda. Nisimwite kwa jina. Nisigeuke kumtafuta. Nimpe nafasi ya kukaa. Niseme naye habari ya mtoto, maana hamu ya kwao imekwisha shiba, sasa atiwe hamu nyingine.

Nilijua Juma atapinga. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akatoka. Alirudi na tiketi mbili. Karani wa stesheni alimuuliza wa pili ni nani, akasema, "Shemeji yangu." Alizitoa mfukoni akaziweka juu ya cherehani, akaenda kuoga. Miaka kumi na mmoja ya ndoa na sijapata kumpenda mtu huyu kama leo.

Jumapili, 12 Agosti. Kwenye gari

Alasiri niliingia jikoni nikasema, "Twende zetu, mtoto analia." Nikachukua kikapu nikatoka. Sikugeuka. Mama alisimama pembeni mwa njia akatupisha, kisha akafunga mlango wa jikoni kwa komeo.

Changamwe tulipanda bila shida. Nimekaa upande wa njia, dirisha nimemwachia. Miritini. Wakapanda wengi. Mazeras akapanda mama mmoja wa Kigiriama na mzigo wake, behewa limejaa, akanionyesha pale dirishani.

"Pana mtu?"

Nikasema, "Pana mtu."

Alitazama kiti, akanitazama. Akavuta mzigo wake akaenda kusimama mwisho kabisa. Sikuona haya.

Nasema naye kwa sauti ya chini. Athmani ana kidoti nyuma ya sikio. Athmani hupiga chafya mara mbili mbili. Athmani anatapika maziwa ya ng'ombe. Watu wanadhani nasoma dua. Upande wa dirishani ni baridi, mkono wangu wa kulia umekufa ganzi. Nilipofika kwenye maziwa kioo kikaingia ukungu, mahali padogo, usawa wa kinywa.

Reli inazunguka sana kweli. Giza limeingia, kalamu siioni.

Jumatatu, 13 Agosti. Nairobi

Salim amekuja stesheni. Amekonda. Ameuliza mzigo mwingine uko wapi, nikasema ni huu huu. Kwenye teksi nimekaa ukingoni.

Nyumba ina baridi. Dada yake Salim yuko mlangoni na mtoto begani, mtoto analia sauti ya paka. Rukia kwenye kigoda, ukuta mbele yake, nywele hazijachanwa. Sikumwita. Nimesimama tu kizingitini, kikapu mkononi.

Amegeuka. Amenitazama, akatazama kando yangu.

"Mmechelewa," akasema.

Salim amechungulia nje, akarudi. Nimehisi ubaridi umetoka mkononi mwangu, na mkono ukaanza kuwasha kama mguu uliokuwa umelaliwa. Rukia akanyoosha mikono, wifi yake akasitasita, akampa mtoto.

Sasa ni adhuhuri. Wamelala wote wawili. Maziwa bado machache. Mtoto anayavuta hivyo hivyo, hata usingizini.